Nyumba ya Kiboko Isiyo na Vyumba

“Nina hadithi mlangoni!”
“Ikaribie!”
“Ina matope miguuni!”
“Ikaribie hivyo hivyo!”
“Ina sauti ndogo!”
“Masikio yetu makubwa!”

Basi kaeni vizuri. Bi Somoe, sogea kidogo, umewaziba walioko nyuma yako. Hapo sawa.

Hapo kale wanyama walikuwa na chuo kikuu. Msicheke. Walikuwa nacho, tena kilimani, kina kengele, kina bustani, kina walimu wanaochelewa. Makamu Mkuu wa Chuo alikuwa Profesa Korongo. Profesa Korongo akifikiri, anasimama kwa mguu mmoja. Akibadilisha mawazo, anabadilisha mguu. Katika vikao virefu miguu yote ilichoka, na uamuzi bado haujapatikana.

Chuo kile kilikuwa na kila kitu isipokuwa ukumbi wa michezo. Mpira wa kikapu ulichezwa nje, vikapu vimefungwa juu ya miti, na mvua ikianza, mchezo umekwisha.

Mwaka mmoja wakaja wageni, timu ya chuo cha ng’ambo ya mto. Mechi ikaanza, na mvua nayo ikaanza. Pwata, pwata, pwata! Nyani, nahodha wa wenyeji, akaudundisha mpira. Mpira haukudunda. Uliingia kwenye tope, ptu! ukakaa humo humo. Wakautafuta kwa mikono. Wakautafuta kwa majembe. Wageni walisimama pembeni wameshika mbavu.

“Jamani, ninyi mnacheza mpira au mnapanda viazi?”

Nyani alilia. Alilia mbele ya timu yake na mbele ya wageni, akasema kwamba hatagusa tena mpira mpaka siku atakayocheza chini ya paa.

Chuo kikaona aibu. Kikaamua: tunajenga ukumbi.

Fedha hawakuwa nazo, na hata wangekuwa nazo, duka lilikuwa wapi? Wakafanya changizo, kama ilivyokuwa desturi yao. Kwa desturi yao changizo lina mwenyekiti, mwenyekiti ana kiti, na kiti kinawekwa mbele. Mwenye kutoa anapita mbele ya kiti, anataja jina lake, anaweka alichonacho, anapigiwa makofi.

Uenyekiti, pamoja na ule wa Kamati ya Ujenzi, akapewa Kiboko. Kwa nini Kiboko? Kwa sababu ana mdomo mkubwa, akitangaza jambo linasikika mpaka ng’ambo. Hawakujiuliza mdomo wa namna ile unafanya kazi gani nyingine.

Akapita Tembo. “Mimi Tembo, natoa mawe!” Pwa, pwa, pwa, makofi.

Akapita Nyati. “Mimi Nyati, natoa magogo!” Pwa, pwa, pwa, makofi.

Wakapita Mnana, wale ndege wasuka viota. “Sisi Mnana, tunatoa nyasi za paa, na ususi wetu juu!” Pwa, pwa, pwa, makofi.

Akapita Kicheche. Kicheche hakuwa na kitu, akatoa harufu yake. Naye alipigiwa makofi, ila kwa mbali.

Kiboko akapokea vyote. “Asanteni, asanteni. Kamati itavitunza.”

Na kweli vilitunzwa. Jioni moja Kiboko akateremka na mawe kwenda kwake, kwenye kona ya mto. Ndi, ndi, ndi. Jioni nyingine akateremka na magogo. Ndi, ndi, ndi. Jioni nyingine akateremka na nyasi, amezibeba mgongoni kama kilima kinachotembea. Ndi, ndi, ndi.

Kilimani pakabaki shimo na bango. Bango lilikuwa zuri. Lilichorwa ukumbi, na mbele ya ukumbi Kiboko anatabasamu. Wanafunzi wakipita asubuhi wanatazama bango, halafu wanatazama shimo.

“Mheshimiwa, ukumbi umefikia wapi?”

“Mchakato unaendelea.”

“Mheshimiwa, mbona shimo limejaa vyura?”

“Hao ni sehemu ya mchakato.”

Sasa, nyuma ya chuo palikuwa na jabali, na juu ya jabali aliishi Pimbi. Pimbi mnamjua: mdogo, mnene kidogo, mkia hana. Hakuwa mwanafunzi wala mwalimu, alikuwa jirani. Aliishi pale na wanawe. Mkewe alifariki kiangazi kilichopita. Upande wa mashariki wa jabali kulikuwa na mahali ambapo yule mama alipenda kuota jua la asubuhi, jiwe limekuwa laini kwa kukaliwa. Watoto walikuwa bado hawakai pale. Hakuna aliyewakataza.

Kikaitwa kikao. Kiboko akasimama, kiti kikashukuru.

“Ndugu wajumbe, mchakato unaendelea. Ila mawe yamekwisha. Kamati imefanya utafiti, na utafiti umeonyesha kwamba nyuma ya chuo kuna jabali. Tulivunje.”

Pimbi alikuwa amekaa dirishani, kwa sababu majirani waliruhusiwa kusikiliza.

“Mheshimiwa,” akasema, “pale ni kwangu.”

“Kwako? Ulilijenga wewe?”

“Hapana, Mheshimiwa. Lakini mama watoto alikuwa anakaa pale.”

“Alikuwa,” akasema Kiboko. “Sasa hakai.”

Hata Kicheche alitazama chini.

Profesa Korongo akasimama kwa mguu wa kulia. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akakohoa.

“Bwana Pimbi, tunakupa pole. Lakini Kamati imependekeza, na watoto wetu hawawezi kupanda viazi kila mwaka. Mvua za mwaka huu zikianza na ukumbi haujasimama, jabali litavunjwa.”

“Na ukumbi ukisimama kabla ya mvua, Profesa?”

“Ukisimama, mawe ya nini tena? Jabali litabaki lako na la wanao na la wana wa wanao. Wajumbe mmesikia?”

“Tumesikia!”

Pimbi akashuka dirishani. Akaenda mpaka penye shimo, akawatazama vyura, vyura wakamtazama. Akajisemea: mawe ya Tembo niliyaona kwa macho yangu. Yalikuwa mengi. Mawe hayaliwi. Yako wapi?

Kumfuata Kiboko hakuhitaji upelelezi. Pale alipopita nyasi zimelala, na penye tope kila mguu umeacha kisima. Pimbi akafuata, akafuata, akafika kwenye kona ya mto.

Loo! Mawe ya Tembo yale pale. Magogo ya Nyati yale pale. Nyasi za Mnana zile pale. Mafundi Mchwa wanapanda na kushuka, wanajenga ukuta, taka-taka-taka, na Kiboko amesimama katikati anapima upana wa mlango kwa tumbo lake.

Pimbi akajikuna. Akafikiri. Kisha akatabasamu, meno yake ya mbele yakaonekana.

“Shikamoo, Mheshimiwa.”

Kiboko akashtuka, kidogo akwame mlangoni. “Marahaba. We kadogo, umefuata nini huku?”

“Nimekuja kuitazama nyumba ya mkubwa.”

“Utakwenda kusema kilimani?”

“Niseme kwa nani, Mheshimiwa? Malalamiko ya ujenzi si yanapelekwa Kamati ya Ujenzi?”

Kiboko akacheka, ho, ho, ho, mto ukatikisika. “Wewe una akili. Haya, umeiona nyumba?”

“Nimeiona, Mheshimiwa. Nasikitika.”

“Unasikitika nini?”

“Ina vyumba.”

“Nyumba inakosaje vyumba?”

“Nyumba za wadogo zina vyumba, Mheshimiwa, maana sisi tunajificha. Wewe tumbo hilo unamficha nani? Mkubwa ana sebule moja tu. Pana, ndefu, haina nguzo katikati, na paa liko juu kabisa. Akigeuka kulia, nafasi. Akigeuka kushoto, nafasi.”

Kiboko akageuka kulia, akagonga ukuta. Akageuka kushoto, akagonga ukuta. Akafikiri, polepole, kama anavyofikiri mtu aliyeshiba.

“Mchwa! Vunjeni vyumba! Jengeni sebule moja!”

Mchwa wakavunja, Mchwa wakajenga. Taka-taka-taka, taka-taka-taka. Kuta zikaenda kule, paa likaenda juu.

Pimbi akarudi siku nyingine.

“Shikamoo, Mheshimiwa.”

“Marahaba. Umeiona nyumba?”

“Nimeiona, Mheshimiwa. Nasikitika.”

“Unasikitika nini tena?”

“Wageni watakaa wapi?”

“Wageni? Mimi wageni siwataki. Wageni wanakula.”

“Hawatakula, Mheshimiwa. Watakutazama wewe ukila. Ukila peke yako, nani atajua kwamba umekula?”

Jambo hilo Kiboko hakuwahi kulifikiria. Lilimuuma. Miaka yote ile amekula, na hakuna shahidi.

“Zungusha ngazi za mawe kuta zote,” akasema Pimbi. “Safu juu ya safu. Wa mbele akae chini, wa nyuma akae juu, asimzibe mwenzake. Kila mmoja akuone vizuri.”

“Mchwa! Ngazi pande zote! Na udongo mkande vizuri, mkande tena! Msinijengee kama mnajenga kitu cha umma!”

Mchwa wakakanda, Mchwa wakajenga. Taka-taka-taka, taka-taka-taka.

Pimbi akarudi siku nyingine.

“Shikamoo, Mheshimiwa.”

“Marahaba, marahaba, njoo upesi! Umeiona nyumba?”

“Nimeiona, Mheshimiwa. Nasikitika.”

“Usinitese, Pimbi. Sema.”

“Mkubwa anakula chini kama mbuzi? Weka kikapu ukutani, juu kabisa. Majani yako yatiwe humo.”

“Kikapu.”

“Kisiwe na kitako.”

“Kikapu kisicho na kitako?”

“Ndiyo raha yake, Mheshimiwa. Majani yanatiwa juu, yanateremka yenyewe mpaka mdomoni. Wewe kazi yako kufungua tu.”

Kiboko akafumba macho. Akafungua mdomo, akauacha wazi kwa muda, anajaribu. “Na ukuta ule wa kule mwisho?”

“Kikapu kingine. Ukichoka kula upande huu, unakwenda kula upande ule. Na sakafuni chora duara katikati. Ulale ndani yake, kila anayeingia ajue katikati ya nyumba ni wewe.”

Machozi yakamlengalenga Kiboko. “Pimbi, ndugu yangu, kwa nini hatukujuana zamani?”

“Mchakato ulikuwa unaendelea, Mheshimiwa.”

Mchwa wakapandisha vikapu, Mchwa wakachora duara. Taka-taka-taka, taka-taka-taka. Nyumba ikaisha. Ikasimama kwenye kona ya mto, pana, ndefu, imara, haina chumba hata kimoja.

Na hapo wingu likatokea. Dogo, upande wa mashariki. Kilimani Tembo wawili wakaambiwa watafute nyundo.

Pimbi akaliona wingu. Akakimbia, chaki-chaki-chaki, mpaka ofisini kwa Profesa Korongo.

“Shikamoo, Profesa. Ukumbi umesimama.”

Profesa alikuwa kwenye mguu wa kushoto. “Marahaba. Umesimama wapi, Bwana Pimbi? Nimepita pale leo. Nimeona shimo, na vyura wamezaa.”

“Shimo lilikuwa la kutupoteza njia, Profesa. Mheshimiwa alitaka liwe jambo la ghafla. Ukumbi ameujenga mtoni, kwake. Mawe yenu yote yapo, magogo yenu yote yapo, na kiwanja ametoa yeye.”

Profesa akabadilisha mguu. “Kiboko? Ametoa kiwanja?”

“Ametoa. Ila nakutahadharisha, Profesa. Hataki sifa. Mkimsifu atakataa. Anaweza hata kuwafukuza. Ni mnyenyekevu kupita kiasi.”

Profesa akabadilisha mguu tena, akabadilisha tena, mwisho akasimama kwa yote miwili, jambo ambalo watumishi wa ofisi hawakuwahi kuliona.

“Piga kengele!” akasema. “Waiteni na wa ng’ambo!”

Wanyama wale walikuwa na desturi nyingine, nayo ni hii. Jengo likishapigiwa ngoma, na utepe ukakatwa mbele ya wageni wa chuo kingine, limekwisha kuwa la wote. Halirudishwi, halidaiwi. Kukata utepe ni kama kukata kitovu. Kila mnyama alilijua hilo, na Kiboko alilijua kuliko wote, maana ndiye aliyekuwa akialikwa kukata.

Wakateremka. Tembo, Nyati, Mnana hewani, Kicheche nyuma kwa heshima ya wenzake, wanafunzi, walimu, hata waliochelewa, na timu ya ng’ambo. Nyani mbele yao, mpira kwapani. Ngoma zinalia, tindi-tindi-tindi, nao wanaimba:

*Twende tukaufungue,*
*Mwenye nacho katoa,*
*Twende tukaufungue,*
*Na paa katuwekea.*

Kiboko alikuwa amelala ndani ya duara lake. Ilikuwa siku yake ya kwanza katika nyumba yake. Pimbi akaingia anahema.

“Mheshimiwa, amka! Wageni wanakuja kukutazama ukila.”

“Wengi?”

“Wote.”

“Wote!” Kiboko akainuka, akajipangusa tope usoni. “Wafungulie milango! Mimi nasimama wapi? Nasimama chini ya kikapu?”

“Chini ya kikapu, Mheshimiwa. Hapo hapo. Na mdomo uwe tayari.”

Nje Mnana walikwisha kufunga utepe wa ukindu mlangoni. Profesa Korongo akausogelea, akatazama kulia walipo wa kwetu, akatazama kushoto walipo wa ng’ambo, akaukata kwa mdomo. Kacha!

Wakaingia. Wakatazama juu, wakatazama huku na huku, wakasema “Aaa!” Kisha wakapanda ngazi, safu juu ya safu, wa mbele hakumziba wa nyuma, wakakaa kama waliozaliwa pale.

Tembo akapapasa ukuta kwa mkonga. “Mama yangu! Hili jiwe langu! Nalijua kwa hii alama! Mke wangu, njoo ulione!”

“Gogo langu lile pale juu!” akasema Nyati. “Jamani, gogo langu limekuwa kubwa!”

“Ususi wetu huo! Ususi wetu huo!” wakapiga kelele Mnana.

Kiboko akawatazama. Akamtazama Tembo anavyolikumbatia jiwe. Akauona utepe umelala mlangoni vipande viwili. Polepole, polepole sana, jambo likaanza kumwingia.

“Tokeni,” akasema.

“Mnasikia?” akasema Profesa Korongo. “Hataki sifa.”

“Nimesema tokeni! Wote! Nje!”

“Mnyenyekevu!” wakasema walimu. “Hatujapata kuona!”

“Nitawauma!”

“Na mcheshi pia!”

Kiboko akavuta pumzi. Aliazimia kuwaambia ukweli wote, kwamba nyumba ni yake, na kila jiwe ni lake, na sauti yake inafika ng’ambo wakitaka wasitake. Akafungua mdomo. Akaufungua wote, chini ya kikapu.

Kule mbali Nyani alikuwa amesimama peke yake na mpira. Hakuwa amesikia hotuba ya mtu yeyote. Alikuwa anatazama paa. Halafu akatazama kikapu. Akainua mikono, akarusha.

Mpira ukapanda, wuuu. Ukapita chini ya gogo la Nyati, ukashuka, ukaingia kikapuni, chwaa! ukatoka chini, ukaingia mdomoni mwa Kiboko, kabu!

Nyumba nzima ikasimama. Wa kwetu wakashangilia, wa ng’ambo wakashangilia, vumbi likamwagika kutoka kwenye paa jipya. Nyani akaanguka magotini, akacheka na kulia pamoja.

Pimbi akapanda mguu wa Kiboko, akapanda bega, akafika sikioni.

“Mheshimiwa, mpira uko mdomoni, kwa hiyo nisikilize kwa utulivu. Utakapoutema, utakuwa na maneno ya aina mbili. Ukisema nyumba ni yako, Tembo atauliza jiwe lake lilifikaje kwako. Mtazame Tembo. Mtazame na Nyati, pembe zile. Ukisema ni yao, watakupigia makofi, na jina lako litaandikwa mlangoni. Wewe ndiye mkubwa, mimi sikuchagulii.”

Kiboko akamtazama Tembo. Akamtazama Nyati. Jasho likamtiririka.

Akautema mpira, ptuu!

“Ni… ni yenu,” akasema. Sauti yake haikufika hata kwenye safu ya tatu.

“Tafadhali rudia, Mheshimiwa,” akasema Pimbi, “wa nyuma hawajasikia.”

“NI YENU!”

Pwa, pwa, pwa, pwa, pwa! Makofi ya namna hiyo hayakuwahi kupigwa. Profesa Korongo akaingia katikati ya duara na kusema kwamba amefundisha miaka mingi na hajaona kiongozi aliyekabidhi mali ya umma ikiwa imeongezeka. Kisha akamwita Pimbi.

“Bwana Pimbi, mvua imeanza?”

Wakanyamaza wote wasikilize. Bado.

“Ukumbi umesimama?”

“Umesimama!” wakajibu wote.

“Basi jabali ni lako na la wanao na la wana wa wanao. Tembo, rudisha nyundo.”

Pimbi alitaka kusema asante. Akainamisha kichwa. Na wakati ameinama, juu ya nyasi za Mnana kukasikika ta. Halafu ta, ta. Halafu tatatatatata, mvua yote ya mwaka. Hakuna aliyelowa. Nyani akaokota mpira, akaupangusa mate ya Kiboko, akaudundisha. Ukadunda.

Wa ng’ambo walifungwa siku hiyo, wakafungwa vibaya, wakaondoka wamejifunika majani ya migomba.

Na Kiboko? Akalale wapi? Nyumba ina mechi asubuhi, ina mazoezi mchana, ina mahafali jioni. Akaingia mtoni. Mpaka leo mchana wote yumo majini, ameacha macho na pua tu juu, anatazama upande ule aone kama wamemaliza, waondoke. Hawajamaliza.

Hapo Bi Somoe anadhani nimemaliza. Bado, mama. Kaa.

Mvua zilipopungua chuo kikaitisha kikao. Profesa Korongo akasema, “Ndugu wajumbe, ukumbi tunao. Sasa hatuna maktaba. Vitabu vinaliwa na panya. Tufanye changizo. Nani awe mwenyekiti?”

Kikao kizima kikajibu kwa sauti moja, “Kiboko!”

“Nani anaunga mkono?”

Pimbi, dirishani, akainua mikono yote miwili.

Mawe yakaletwa, magogo yakaletwa, nyasi zikaletwa, Kicheche akaleta alichonacho. Jioni ikasikika ndi, ndi, ndi, kuelekea kona nyingine ya mto, mbali zaidi. Pimbi akawaacha wanawe wamekula, akajipangusa mdomo, akateremka.

“Shikamoo, Mheshimiwa.”

Kiboko alikuwa juu ya rundo la mawe. Alipoiona ile sura alifumba macho. Lakini nyumba bila ushauri ataijengaje? Hakuwa na mwingine wa kumuuliza.

“Marahaba,” akasema mwishowe, kwa uchungu. “Umeiona nyumba?”

“Nimeiona, Mheshimiwa. Nasikitika.”

“Unasikitika nini?”

“Haina rafu.”

Basi, watoto wazuri, fundisho la hadithi hii ni ukarimu. Mwigeni Kiboko. Toeni mlicho nacho chote, hata kama hamjui kwamba mnatoa.

“Lakini si alikuwa mwizi?” anauliza Bi Somoe.

Mwizi? Bi Somoe, ukumbi ule haukuvuja! Umewahi kuona jengo la watu waaminifu lisilovuja? Tusimvunjie mzee wa watu heshima. Na kuna fundisho la pili, la watu wazima. Mkimwona mkubwa anabeba mawe ya umma kwenda kwake, msipige kelele. Kelele zinapelekwa kwenye kamati. Mfuateni taratibu, mwamkieni vizuri, mwambieni nyumba yake ni ndogo.

“Mwongo wa leo ni nani?”
“Ni wewe uliyesimulia!”
“Na waliokaa mpaka mwisho wakaamini?”
“Ni sisi!”
“Basi tumetoka sare. Kila mtu kwao.”